Mama Asiyeng'atwa

Novemba 14, sikukuu ya Filipo Mtume

Tabibu amenigongagonga kifua kama mtu anayechagua tikiti sokoni, akatega sikio, akasema Pasaka sitaiona. Nilimshukuru. Mtu wa umri wangu akiambiwa hivyo haombolezi, anauliza tu kama divai bado inaruhusiwa. Padri Kosma, anayenisikiliza maungamo, amekuwa kiziwi, nami sauti yangu imebaki mnong'ono, kwa hiyo tumekubaliana niandike dhambi zangu kadiri zinavyokuja, yeye azisome na kuniondolea. Basi naanza. Leo nimemwita muuza kabichi mwizi. Ni mwizi kweli, lakini nilimwita kwa furaha mno, na nadhani hiyo ndiyo dhambi.

Novemba 17

Mvua. Maharage. Nimewachukia watu wote wanaopita chini ya dirisha, hasa wanaoimba.

Novemba 20

Leo Theoktista ameshindwa kukaa karibu na taa. Anasema mafuta yananuka. Huyu ni binti wa marehemu dada yangu, na chumba hiki cha juu ni chake na mumewe Sisinio, anayeuza mishumaa chini barabarani. Walinichukua nilipoacha kufundisha ufasaha katika shule ya Ikulu na kuanza kusahau kuvaa viatu. Ameshapoteza mimba tatu. Nimeona mkono wake unavyokwenda tumboni akidhani siangalii. Sijasema kitu. Hata Mungu, nadhani, kwa sasa ananong'ona tu.

Novemba 24

Epifanio, mkuu wa hazina, amekuja mwenyewe. Harufu ya waridi ilimtangulia ngazini. Nilimfundisha kusema alipokuwa mvulana wa chunusi, na sasa anasema vizuri kuliko inavyofaa. Alikaa kwenye kiti changu.

"Mwalimu, kumbe bado upo!"

"Nipo kwa bahati mbaya. Umekuja kunizika au una shida?"

"Shida. Dhahabu ni ndogo na vita ni vikubwa. Katika sarafu mpya tutaongeza fedha na shaba."

"Mlishaongeza."

"Tutaongeza zaidi. Dhahabu haitafika nusu. Rangi si tatizo, zinachemshwa kwa chumvi mpaka juu zinang'aa kama jua. Tatizo langu ni meno, mwalimu. Kila mchuuzi wa Mji huu akipewa sarafu anaing'ata. Dhahabu safi inakubali jino. Hii yetu itavunja watu meno."

"Si Kristo yupo upande mmoja? Hawaogopi?"

"Wanamng'ata tu."

Nilikuwa nimelala wiki nzima nikihesabu nyufa za dari. Hakuna aliyekuwa ameniuliza kitu chenye akili tangu kiangazi. Nikasema, "Kristo wanamla kila Jumapili, hawataona haya kumng'ata Jumatatu. Mwekeni Mama yake. Mwekeni na Mtoto kifuani. Nani atamng'ata Mama?"

Alicheka mpaka akashika mbavu, nami nikacheka mpaka nikakohoa. Akanibusu mkono. "Hakuna kichwa kama hiki Mjini," alisema akishuka.

Nilifurahi jioni nzima. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Novemba 25

Nimesoma ya jana. Nimechukia kidogo. Si sana.

Desemba 12

Epifanio ameniletea moja ya kwanza, ikiwa bado na joto la karakana, nitoe maoni yangu. Upande mmoja Mama wa Mungu amenyoosha mikono, na Mtoto ndani ya duara kifuani. Mchongaji amempa macho ya samaki aliyelala sokoni siku mbili. Upande wa pili Mfalme amesimama na Mama pembeni yake, kimo kimoja kama ndugu, naye Mama amemwekea mkono juu ya taji kama anayemtafuta chawa. Pembeni yameandikwa maneno ya kumwomba amsaidie mtumishi wake Mfalme. Zamani, dhahabu ilipokuwa dhahabu, msalaba mmoja ulitosha. Kila wanapopunguza dhahabu wanaongeza mtakatifu. Wakifika kwenye shaba tupu watahitaji mbingu nzima.

Nilimwambia inafaa.

Desemba 25

Theluji, na upepo wa kaskazini unaopenya hadi kwenye uboho. Theoktista amepanda na asali na kuniambia mwenyewe.

"Mjomba, nina miezi mitatu. Huyu amekaa kuliko wale."

"Najua, mwanangu."

"Umejuaje?"

"Umeanza kunisalimia vizuri."

Alinipiga begani kwa kijiko. Sijawahi kumwona akicheka namna ile tangu mazishi ya dada.

Januari 6, Epifania

Mfuko wa sarafu mpya umefika kutoka hazina, shukrani kwa ushauri wangu. Nilichagua sarafu moja nikampa Theoktista. Nilijua ndani yake mna nini? Nilijua. Nilimpa kwa sababu ilikuwa na sura ya Mama, kwa sababu tumbo lake limeanza kuonekana, na kwa sababu mzee asiye na kitu hupenda kuonekana anatoa dhahabu. Alipiga magoti akaibusu. Sisinio, anayeng'ata kila kitu mpaka nta ya wenzake, aliigeuza, akaona sura, akafanya ishara ya msalaba, naye akaibusu.

Basi nilikuwa sahihi.

Januari 11

Dirisha langu linatazama safu ya maduka. Nimekaa asubuhi yote nikitazama. Mchuuzi anapokea sarafu, anaitazama, anaibusu, anaiweka. Mwingine anapokea, anabusu. Makamasi, ndevu za supu, midomo yenye vidonda, yote kwenye uso uleule, na hakuna jino hata moja. Mchinjaji aliibusu kwa mdomo wenye mafuta akaifuta kwenye aproni yenye damu, kisha akamdhulumu mjane uzito wa nyama. Nimetema mate dirishani. Yalimwangukia mtu. Hiyo pia niandikiwe.

Januari 19

Homa. Sikuandika.

Januari 23

Leo nimeshindwa kumeza hata uji, na sababu si ugonjwa wangu.

Nilisikia wanawake chini wakishangilia. Theoktista akapanda, na nyuma yake Evdokia mkunga, mwenye mikono mikubwa na sauti ya mpiga mnada. Theoktista alishika kikombe kwa mikono miwili kama padri anavyoshika kalisi.

"Mjomba, tazama! Imetoa jasho!"

Ndani ya kikombe mlikuwa na siki, na chini kabisa sarafu niliyompa. Siki ilikuwa imegeuka kijani.

Evdokia alieleza, kana kwamba mimi ndiye mjinga. Mama mwenye Mtoto kifuani ndiye yule wa picha ya kanisa la Vlaherna, wanayemwendea wanawake wenye matumbo mazito. Sasa Mfalme amewagawia kila nyumba. Mwanamke anamlaza Mama ndani ya siki usiku kucha chini ya taa ya picha takatifu, alfajiri anakuta ametoa jasho, kwa kuwa amebeba uchungu wa yule mwanamke. Anakunywa. Mimba inashika.

"Barabara nzima wanafanya," alisema. "Sarafu za zamani hazitoi jasho. Tumejaribu. Hizi mpya ndizo zenye neema."

Wachoraji wa makanisa hutengeneza rangi ya kijani hivyohivyo, shaba na siki, na wanawafukuza watoto wasiiguse. Nilifundisha jambo hilo. Nilisema, "Hiyo ni kutu, Evdokia."

"Kutu, kwenye dhahabu?" alicheka. "Babu, na elimu yako yote! Dhahabu inashika kutu?"

Hapo ningesema. Haishiki, kwa hiyo hiyo si dhahabu. Lakini anayesema sarafu ya Mfalme ni ya uongo anakatwa mkono, nami nikautazama mkono wangu, huu wenye madoa, usioweza hata kufunga kifungo, unaokwenda kaburini kabla ya Pasaka, nikauonea huruma. Nikanyamaza. Theoktista akanywa mpaka tone la mwisho na kufunga macho kwa furaha.

Januari 24

Amekunywa.

Januari 25

Amekunywa. Nimemwambia siki ni mbaya kwa tumbo. Amesema tumbo lake linajuana na Mama.

Januari 30

Amekunywa, akatapika kwenye ngazi. Matapishi yalikuwa ya kijani. Sisinio aliyafuta kwa majivu huku akinitazama kwa aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyeyatoa. Evdokia akasema, "Vizuri, uchafu unatoka. Ongeza siki."

Nimewatukana wote wawili kwa Kigiriki cha vitabu, wasichokielewa. Huo ndio ushujaa wangu.

Februari 2, siku Mtoto alipopelekwa hekaluni

Mishumaa imemwishia Sisinio. Wanawake hununua mmoja mmoja wa kuwasha mbele ya vikombe vyao. Mke wa mpaka rangi, jirani yetu, hakuja kununua. Mimba yake imetoka juzi kwa damu nyingi. Evdokia amesema imani yake ilikuwa ndogo.

Nilisikia hayo yakisemwa chini ya dirisha na sikushuka. Siwezi kushuka ngazi, ni kweli. Wala sikuita.

Februari 5

Nimepata ujanja. Ujanja, tena, si ukweli. Katika kisanduku changu ninayo sarafu moja ya enzi za baba yangu, dhahabu hasa, yenye uso wa Kristo. Jana jioni nilimwomba Theoktista aweke vikombe viwili vya siki mezani kwangu, chake na changu, kila kimoja na sarafu yake, nikasema, tuone. Leo asubuhi changu kilikuwa cheupe kama kilivyomiminwa. Chake kilikuwa kijani kama bwawa.

"Umeona?" nilimwambia. "Sarafu njema haiharibu siki. Hii yako ina kitu kibaya ndani."

Aliinama juu ya vikombe muda mrefu. Macho yake yameingia ndani na midomo imepauka. Nikadhani ameelewa. Kisha akaniangalia kwa upole, kama mtu anayemsikitikia mwanafunzi mzito.

"Mjomba, Kristo hakuzaa. Atatoaje jasho?"

Nilisogeza kikombe changu mbele yake.

"Mama ndiye anayejua uchungu," akaendelea. "Ndiyo maana yeye anatoa, mwanawe hatoi. Kumbe Evdokia alisema kweli. Asante."

Akanywa mbele yangu. Nimefundisha hoja na majibu ya hoja maisha yangu yote, na leo nimeshindwa na hoja isiyo na tundu, kwa sababu niliijenga mimi. Mimi ndiye niliyemweka pale.

Februari 6

Amekunywa. Upepo wa kusini, kichwa kinauma. Kila kitu kinanuka siki.

Februari 9

Sisinio amepanda peke yake, akakaa chini sakafuni, mtu mzima. "Mzee, ameona damu. Kidogo. Hataki nikuambie."

"Ameacha kunywa?"

"Evdokia amesema anywe mara mbili."

Februari 10

Padri Kosma, hapa usome polepole.

Nilimwita asubuhi. Alikuja akishika ukuta.

"Kaa, mwanangu."

"Nikikaa sitainuka, mjomba. Sema tu."

"Aliyemweka Mama kwenye sarafu ni mimi."

Alitabasamu. "Wewe? Hata blanketi hujiwekei."

Nikamweleza. Epifanio kwenye kiti kile, fedha na shaba, chumvi ya kuchemshia, meno ya wachuuzi. Nikamrudia maneno niliyosema, yote, la Jumapili na Jumatatu na lile la Mama. Kadiri nilivyosema ndivyo tabasamu lilivyoondoka, lakini halikwenda mahali nilipotaka.

"Una homa," alisema. "Unaweweseka. Mungu akusamehe, usiyarudie mbele ya watu."

Kikombe kilikuwa mkononi mwake. Nilitumbukiza vidole nikatoa sarafu, nikaitia mdomoni na kuing'ata kwa jino langu la kulia, la pekee linalosaga. Niliing'ata kwa nguvu zote zilizobaki katika mwili huu. Jino likavunjika. Lililia kama njugu. Damu ikanijaa mdomoni ikichanganyika na ladha ya kile kitu, ladha ya msumari, ya bomba la zamani, na nikahisi nami nataka kutapika kijani.

Theoktista alipiga kelele. Si kwa ajili yangu. "Umemng'ata! Umemng'ata Mama!"

"Mtazame," nikasema, kama nilivyoweza kusema.

Aliitoa mdomoni mwangu kwa vidole vyake mwenyewe, na kipande cha jino kikaja nayo. Akaisugua kwenye gauni, akaisogeza dirishani. Hakukuwa na alama. Uso ulikuwa vilevile, macho ya samaki, mikono imenyooshwa, bila hata mkwaruzo.

Akaigeuza mara nyingi. Kisha akafungua kisanduku changu bila kuniomba ruhusa, akatoa ile ya baba yangu, akamng'ata Kristo. Hakusita. Akaangalia. Katika ndevu za Bwana mlikuwa na kishimo kidogo cha jino lake.

Akaziweka zote mbili mezani, moja kando ya nyingine.

"Mlicheka?" aliuliza.

"Tulicheka."

"Mkamtaja Mama, halafu mkacheka."

"Ndiyo."

"Na baadaye ukanipa mimi."

"Nikakupa."

"Na ulipoona kijani ulijua."

"Siku hiyohiyo."

Alichukua kikombe, akakimwaga dirishani bila kuangalia chini kama kuna mtu. "Kumbe nilikuwa nakunywa kicheko chenu," alisema. Akashuka. Nilimsikia akianguka kwenye kipandio cha mwisho, na Sisinio akikimbia.

Februari 11

Hakupanda. Sisinio ameleta uji na kitambaa cha mdomo. Nimemuuliza hali yake. Amesema, "Analala. Ameniambia nikuambie neno moja tu."

"Sema."

"Anasema wapo wengine."

Februari 12

Padri Kosma amekuja kusoma. Alifika kwenye ukurasa wa Novemba 24, akausoma mara mbili, midomo ikichezacheza, nami nikasubiri ngurumo. Akainua kichwa.

"Hizi mpya ndizo tulizopokea sadaka ya Epifania?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Zote?" Akashika ndevu. "Na bati la paa nimeshaagiza!"

Nilimwonyesha mlango. Ataondoa dhambi siku nyingine, paa lake likishatulia.

Februari 13

Nimekwenda. Sisinio na muuza maji walinifunga kwenye kiti kwa shuka wakanishusha kama kabati. Wanawake hukusanyika asubuhi kwenye ukumbi wa kanisa letu kulinganisha vikombe vyao. Kulikuwa na baridi, na pumzi zao zilionekana. Niliomba kiti kiwekwe katikati.

Sauti yangu haivuki meza, kwa hiyo Sisinio alirudia kila neno kwa sauti ya kuuzia mishumaa. Nilisema sarafu hizi ni shaba iliyochemshwa. Nilisema kijani hiki ni sumu ya wachoraji. Nilisema aliyemweka Mama hapo ni mimi, ili msing'ate, na kwamba hakuna jasho wala neema ndani yake. Sisinio alirudia hata "ni mimi," mpaka wengine wakadhani ni yeye, ikabidi anioneshe kwa kidole.

Evdokia alinitemea mate. Yalikuwa ya haki, lakini alitoa sababu isiyo yake. "Mzee mwenye pepo! Unamwonea wivu Mama wa Mungu!" Mmoja akamwaga kikombe. Mwingine akakinywa haraka mbele yangu, kunikomoa. Msichana mmoja mwenye tumbo kubwa alikisogeza kikombe mbali na mdomo, akakirudisha, akakisogeza tena, na sikujua alifanya nini mwisho kwa kuwa watu walimziba.

Mke wa mpaka rangi alikuja hadi mbele ya kiti. Alikuwa amejifunga kitambaa cheusi.

"Ulijua tangu lini?"

"Siku kumi kabla ya sikukuu ya hekaluni."

"Kabla ya yangu kutoka, basi."

"Kabla ya yako."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza njia na kuelekezwa, akaondoka. Ningependa angetema mate.

Februari 14

Epifanio hakuja. Ametuma mtu kuuliza kama ni kweli mwalimu ameharibika akili. Nimejibu kwamba sijaharibika, na kwamba namkumbuka vizuri, yeye na maneno yake. Yule mtu alikunja uso. Nadhani alikuwa ameniletea jibu la kuokoa shingo yangu, niseme tu kwamba nimeharibika, nami nikamrudishia.

Februari 16

Theluji imeyeyuka, barabara ni tope la kinyesi na majani. Asubuhi wamekuja askari wawili wa mkuu wa Mji. Walinikuta siwezi kusimama, na mashtaka husomwa mtu akiwa amesimama, kwa hiyo walishauriana mlangoni kwa muda, wakala zabibu zetu zilizokauka, wakasema watarudi kesho na machela na mtu wa kunishika makwapa. Sisinio aliwauliza kama huyo mtu tunamlipa sisi. Wakasema ndiyo.

Siogopi mkono tena. Nimeutazama, si kitu kizuri.

Jua lilipopita dirisha Theoktista alipanda. Hajakanyaga humu tangu ile siku. Alikuwa na bakuli la dengu na nusu mkate, nikadhani ni vyangu, nikajiinua. Havikuwa vyangu. Alikuja kwa sababu jiko la makaa liko humu. Akakaa karibu nalo, akanipa mgongo, akaanza kula. Kutapika kumekoma, na damu imekoma tangu juzi. Sisinio ndiye aliyeniambia, yeye hakuniambia. Alikula polepole mwanzoni, akionja kama asiyeamini, kisha haraka, kisha kwa ulafi, na akafuta bakuli kwa ganda la mkate.

"Usidhani nimekusamehe," alisema bila kugeuka.

"Sidhani."

"Na usinijibu vizuri. Nimechoka na watu wanaojibu vizuri."

Nilifungua mdomo kusema nimeelewa.

"Nyamaza!" Aliweka bakuli chini, akaweka mikono yote miwili tumboni, akainamisha kichwa kama anayesikiliza mtu wa chumba cha pili. "Nyamaza basi. Anacheza."

Nikanyamaza.